Kabla ya Tarehe ya Mwisho: Stahiki za Mfanyakazi Katika Siku za Notisi

Notisi ya kuacha kazi haivunji mkataba wa ajira. Inaupangia tarehe ya kwisha. Tangu barua inapopokelewa hadi tarehe hiyo mkataba unaendelea na kila kilichomo: mshahara, posho ya nyumba, bima ya matibabu, michango ya hifadhi ya jamii, siku za likizo zinazozidi kujikusanya, hata gari au nyumba ya kampuni kama mkataba uliitaja. Mfanyakazi naye anabaki na wajibu wake wote: kuwahi kazini, kufuata maelekezo halali, kutunza mali ya mwajiri. Sheria haimtambui mtu aliye nusu kazini, nusu nje.

Maofisini mambo huenda vingine. Barua ikishatua mezani, mtu huanza kutendewa kama aliyekwisha kuondoka. Jina linafutwa kwenye orodha ya bima, laini ya simu inafungwa, bonasi ya robo mwaka inamruka. Mara chache hayo hufanywa kwa ubaya; mhasibu anataka kufunga hesabu za mwezi, ofisa rasilimali watu anataka orodha yake iwe safi. Stahiki nyingi hupotea kwa sababu ya tarehe ambayo haikuandikwa, au iliyoandikwa kwa namna mbili zinazopingana. Kwa hiyo hesabu ya siku ndiyo ya kwanza kuwekwa sawa.

Maelezo ya sura hii yanafuata sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kuilinganisha na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 pale zinapoachana. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na watumishi wa umma wana taratibu zao.

Siku ishirini na nane

Kifungu cha 41 cha sheria ya Tanzania kinaweka kiwango cha chini cha notisi. Katika mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba unaweza kutaka muda mrefu zaidi, kwa sharti kwamba muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Mwajiri aliyejiwekea siku 28 za kumwondoa mfanyakazi hawezi kumdai mfanyakazi huyo miezi mitatu. Kenya nayo, kwa kifungu cha 35, inataka siku 28 kwa mkataba wa malipo ya mwezi au zaidi.

Siku 28 na mwezi mmoja ni vitu viwili, ingawa mikataba mingi huvichanganya. Barua ikipokelewa tarehe 3 Juni na hesabu ikaanza siku inayofuata, siku 28 zinaisha tarehe 1 Julai. Mkataba ukisema mwezi mmoja, mwisho ni tarehe 3 Julai. Ukisema mwezi kamili wa kalenda, mfanyakazi yumo hadi tarehe 31 Julai. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mchango wa Julai utapelekwa kwenye mfuko, kama kadi ya bima itasoma katikati ya mwezi, na kama mfanyakazi atakuwapo siku bonasi inapolipwa.

Barua zenyewe huchangia vurugu. Nyingi zinakuja na kichwa cha “YAH: KUACHA KAZI”, zinafungua kwa “Husika na mada tajwa hapo juu”, kisha zinaandika: “Naomba kuacha kazi kuanzia tarehe 3 Juni. Natoa notisi ya siku 28.” Sentensi ya kwanza inamaliza ajira leo, ya pili inaiendeleza hadi Julai, na ofisi itachagua ile inayoipa nafuu. Barua salama inataja tarehe mbili kwa majina yake: tarehe ya kutoa notisi, na siku ya mwisho ya ajira. Nakala yake inagongwa muhuri wa kupokelewa, au inatumwa pia kwa barua pepe ili saa na siku vibaki vikionekana. Neno “naomba” ni adabu tu. Katika sekta binafsi mfanyakazi wa mkataba usio na ukomo hahitaji kukubaliwa ili notisi yake ianze kuhesabika.

Wa mkataba wa muda maalumu yuko mahali pengine kabisa. Kwa Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, anaweza kuukatisha mkataba kabla ya muda wake iwapo mwajiri ameuvunja kwa jambo la msingi, au iwapo pande mbili zimekubaliana. Nje ya hapo siku 28 hazimtoshi, na kiinua mgongo kilichoahidiwa mwisho wa miaka miwili kinaweza kubaki kwenye karatasi. Kwake makubaliano ya maandishi yanakuja kwanza, barua baadaye.

“Nenda tu, usijali notisi”

Mwajiri anaweza kuamua kwamba hataki mtu anayeondoka aendelee kukaa ofisini, hasa katika benki, mauzo na kazi zenye siri za wateja. Uamuzi huo ni wake. Swali ni nani anabeba gharama.

Kenya imelijibu waziwazi. Kifungu cha 38 kinasema mfanyakazi akitoa notisi na mwajiri akamsamehe yote au sehemu yake, mwajiri atalipa ujira wa siku zilizosalia, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa. Ofisa akileta karatasi inayosema “pande zote zimekubaliana kwamba siku ya mwisho ni leo”, atakayeisaini amekubali vinginevyo, na siku zake zilizosalia zimekwenda bila malipo.

Tanzania hakuna kifungu kinachofanana na hicho neno kwa neno, lakini kifungu kidogo cha 41(5) kinamruhusu mwajiri kulipa badala ya notisi, na kipimo chake ni ujira ambao mfanyakazi angeupata kama angefanya kazi katika kipindi hicho. Ujira katika tafsiri ya sheria hiyo ni thamani ya malipo yote, ya fedha na ya vitu, yanayotokana na ajira. Hivyo ofisi inayolipa mshahara wa msingi peke yake na kuacha posho ya nyumba na ya usafiri imelipa pungufu. Hili hutokea sana, kwa sababu programu za mishahara hukokotoa malipo mengi ya mwisho kwa mshahara wa msingi na mtu wa malipo hana habari kwamba notisi ina kipimo chake.

Kuna pia hali ya katikati: mfanyakazi anaambiwa abaki nyumbani, ajira ikiendelea hadi tarehe ya mwisho. Hapo hakuna kinachokatwa. Bima inabaki, likizo inajikusanya, mchango unapelekwa. Barua ya kumpumzisha iseme hivyo, na isiposema, mfanyakazi aandike mwenyewe barua pepe fupi: nimeelekezwa kutofika ofisini kuanzia leo, niko tayari kufanya kazi hadi 1 Julai. Mistari hiyo miwili inamwondolea lawama ya utoro, kosa ambalo lingeweza kutumiwa kumfukuza kabla ya tarehe yake.

Upande wa pili ni mfanyakazi anayetaka kutoka mara moja, ile inayoitwa mitaani notisi ya saa 24. Kenya, kifungu cha 36 kinampa kila upande nafasi ya kumaliza mkataba bila notisi kwa kuulipa upande mwingine ujira wa kipindi hicho. Tanzania, mfanyakazi akikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi hicho kwenye fedha anazodaiwa na mfanyakazi huyo. Kwa mwenye ofa mpya inayomtaka Jumatatu, hesabu ya kuilipa notisi inaweza kuwa na faida. Ila aijumlishe yote: pamoja na mshahara wa mwezi, anapoteza bima ya mwezi, mchango wa mwezi na siku za likizo ambazo angezichuma.

Likizo

Likizo ya mwaka Tanzania ni siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Ajira ikikoma kabla mzunguko haujatimia, mfanyakazi analipwa kwa uwiano: mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi. Maneno “alizostahili kufanya kazi” yana uzito kwa aliyeambiwa akae nyumbani, kwani siku zake za notisi zinaingia kwenye hesabu kama angekuwa ghalani anahesabu magunia.

Tuseme mtunza ghala wa Dar es Salaam analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, ambao hapa ni kama 180,000, na wa wiki kwa siku za kazi, hivyo siku moja ni kama 30,000. Mzunguko wake wa likizo ulianza Januari na ajira inakoma baada ya wiki 26. Hizo ni siku 156 za kazi; gawa kwa 13, anastahili siku 12, yaani shilingi 360,000 hivi. Wiki nne za mwisho, zile za notisi, zimo humo, na peke yake zina thamani ya karibu shilingi 55,000. Ofisi inayosimamisha hesabu siku ya barua inamnyima kiasi hicho, na kwa kuwa ni kidogo, wengi hawakioni.

Kenya likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na anayeondoka baada ya miezi miwili au zaidi anahesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliotimia.

Kutumia likizo kama notisi ni mazoea ya ofisi nyingi: mtu ana siku 28 za likizo, anaandika barua na kuaga siku hiyo hiyo. Sheria ya Tanzania inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo na inakataza pia mbili hizo kwenda sambamba. Makusudi yake ni kumlinda mfanyakazi asije akapokea barua ya kuachishwa akiwa kijijini. Lakini maandishi ya kifungu hayabagui nani anatoa notisi wala ni likizo ya aina gani, na hapo ndipo mwajiri mkorofi anapopata mlango wa kudai kwamba notisi haikutolewa ipasavyo na kukata mshahara wa mwezi. Njia isiyo na utata ni kupangilia: likizo kwanza, kisha kurudi na kutoa notisi, au notisi kutumikiwa na likizo kulipwa kwa fedha.

Kutobagua huko kunamsaidia anayeugua. Likizo ya ugonjwa Tanzania ni siku 126 kwa mzunguko wake, ambao ni wa miezi 36, 63 za kwanza kwa ujira kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na haki hiyo haifi kwa kuwa mtu ameshatoa barua. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Kenya kiwango cha chini ni kidogo mno, siku 7 kwa malipo kamili na 7 kwa nusu, baada ya miezi miwili kazini.

Kadi ya bima

Hakuna stahiki inayokatika haraka kuliko bima ya matibabu ya kundi. Mwajiri wa sekta binafsi hulipa ada ya mwaka kwa orodha ya wafanyakazi na wategemezi wao, na jina likiondolewa mapema kampuni ya bima hurudisha sehemu ya ada au kuipunguza katika ankara inayofuata. Kuna motisha ya fedha, basi, ya kupeleka jina mapema. Orodha ya kuondoa majina hujazwa kwenye mtandao na kadi hufungwa ndani ya siku chache, pengine siku hiyo hiyo.

Matokeo huonekana mapokezini. Mtoto ana homa kali saa tatu usiku, mama amempakata, baba anatoa kadi, mhudumu anaipitisha kwenye mashine, anaipitisha tena, kisha anasema kadi haisomi. Siku hiyo ni ya 10 ya notisi. Baba analipa kwa simu, vipimo na dawa, na kesho yake ofisini anaambiwa kwamba “ulishaandika barua”.

Jibu la ofisi halina msingi iwapo mkataba au sera ya kampuni inaitaja bima kama sehemu ya ujira bila kuikatisha kwa sababu ya notisi. Risiti zote zihifadhiwe, zile zenye jina la mgonjwa na tarehe, na siku inayofuata iandikwe barua ya kudai kurejeshewa, ikitaja tarehe ya mwisho ya ajira. Mwajiri anayejua sheria hulipa kimya kimya, maana gharama ya homa ya usiku mmoja ni ndogo kuliko ya kuitwa mbele ya msuluhishi.

Kabla mambo hayajafika huko, swali moja kwa ofisa anayeshughulika na bima linatosha: jina langu linaondolewa lini? Liulizwe kwa maandishi, siku ile ile ya kutoa notisi. Mwenye upasuaji uliopangwa aulize pia kama kibali cha bima kilichotolewa kabla kitatambuliwa, kwa kuwa bima nyingi hutazama siku huduma inapotolewa, na kibali cha Juni hakimsaidii anayelazwa Julai. Miwani, meno na vipimo vya mwaka vifanywe ndani ya notisi bila aibu, ada imeshalipwa.

Bima ya taifa ya Kenya ina mwendo tofauti. Mfuko wa afya ya jamii ulioanza kukatwa mishahara Oktoba 2024 unachukua asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na mwanachama ni mtu mwenyewe. Akiacha ajira usajili wake haufutiki, ila anahamia kundi la wasio na mshahara: kipato cha kaya yake kinakadiriwa na mchango unalipwa kwa mwaka, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Anayengoja kuugua ndipo alipe hukuta mlango umefungwa.

Hifadhi ya jamii na fidia

Mchango wa NSSF Tanzania ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake. Unahesabiwa pia kwa mshahara wa notisi. Taarifa ya michango ichapishwe kabla ya siku ya mwisho na ilinganishwe na hati za mishahara mwezi kwa mwezi. Kumfuatilia mwajiri aliyekata bila kupeleka ni rahisi zaidi mtu akiwa bado anaingia getini kwake. Kuacha kazi kwa hiari kuna gharama yake hapa: fao la upotevu wa ajira halikuwekwa kwa ajili ya aliyejiondoa mwenyewe.

Ajali ya kazini siku ya mwisho ya notisi ni ajali ya mfanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri peke yake, na tukio liripotiwe hata kama jeraha linaonekana dogo.

Bonasi, kiinua mgongo na nauli

Bonasi na mshahara wa kumi na tatu havitokani na sheria, vinatokana na mkataba, na mikataba huandika masharti yake kwa herufi ndogo. Sharti la kuogopwa ni lile linalosema mlipwaji awe kazini siku ya malipo “na asiwe ametoa au kupewa notisi”. Likiwapo, barua iliyotolewa Machi 28 inaweza kuifuta bonasi ya Machi 31. Likisema tu awe kazini, aliye ndani ya notisi bado yuko kazini. Kamisheni ni tofauti, kwa kuwa imechumwa kwa mauzo yaliyokwisha kufanyika. Swali lake ni lini mauzo huhesabika, mteja anaposaini au anapolipa. Wauza magari na mawakala wa bima huacha fedha nyingi nyuma kwa kutouliza hilo.

Kiinua mgongo cha kisheria Tanzania, cha ujira wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Anayeacha kazi hana, ila mkataba au mkataba wa hiari wa chama cha wafanyakazi ukimpa. Hali inabadilika iwapo mwajiri ndiye aliyefanya kazi isiwezekane, kwa kutomlipa miezi kadhaa au kwa manyanyaso; sheria huweza kuhesabu kuacha huko kama kuachishwa, na barua ya kuondoka inapaswa iitaje sababu hiyo. Barua ya shukrani na baraka humtesa baadaye mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya ina malipo ya utumishi kwa kila mwaka, lakini wanachama wa NSSF hawayapati, na hao ndio karibu wote walioajiriwa rasmi.

Kifungu cha 43 cha Tanzania kinahusu aliyeajiriwa mahali pamoja na mkataba ukakoma mahali pengine: asafirishwe, alipiwe usafiri, au apewe posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na alikoajiriwa. Tofauti na kiinua mgongo, kifungu hiki hakisemi kwamba lazima mwajiri ndiye awe ameumaliza mkataba. Aliyechukuliwa Mbeya kwenda kufanya kazi Mtwara ana sababu ya kuiorodhesha nauli kwenye madai yake, mradi mahali pa kuajiriwa pameandikwa kwenye mkataba.

Madeni na makato

Notisi ndiyo wakati wadai wanapojitokeza. Mkopo wa wafanyakazi wenye riba nafuu mara nyingi una kipengele kinachoupandisha hadi riba ya sokoni mtu akiondoka, na SACCOS nayo huangalia akiba, hisa na wadhamini. Ada ya masomo iliyolipwa na mwajiri huenda ilifungwa na ahadi ya kutumikia miaka kadhaa. Kila deni liombewe hesabu ya maandishi ndani ya notisi.

Kompyuta iliyopotea au gari lililogongwa haviwezi kukatwa kwa kukisia. Tanzania mwajiri anatakiwa kueleza kwa maandishi chanzo na kiasi cha hasara, kumpa mfanyakazi nafasi ya kupinga, na makato ya hasara yasizidi robo ya ujira wa fedha. Kenya makato yote kwa pamoja hayapiti theluthi mbili ya mshahara.

Karatasi za mwisho

Fomu ya makabidhiano huzunguka idara zote: stoo, hesabu, kompyuta, ulinzi. Ianze mapema, kwa sababu sahihi ya mtu aliye safarini inaweza kuchelewesha malipo mwezi mzima. Mwishoni huja karatasi ya kukiri kwamba mfanyakazi hana madai tena. Hiyo haisainiwi kabla ya kuona mchanganuo: mshahara hadi siku ya mwisho, posho, likizo, kamisheni, nauli, makato. Akilazimika kuisaini ili apate hundi, aandike kwa mkono juu ya sahihi yake kile kinachobaki kudaiwa, na apige picha.

Cheti cha utumishi ni haki katika nchi zote mbili, hata kwa aliyeondoka kwa ugomvi. Malipo yakipunjwa, Tanzania mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, au siku 30 iwapo dai ni la kuachishwa isivyo halali, kwa fomu namba moja ya Tume ambayo nakala yake hupelekwa kwanza kwa mwajiri. Kenya mlango wa kwanza ni ofisa wa kazi, na mahakama ya ajira na mahusiano ya kazi hupokea madai hadi miaka 3 tangu haki ilipovunjwa.